Popo Waliotoka Mchana

Kharumwa,
4 Juni 2024

Baba Rhoda, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Shinyanga, nyumbani kwa Rhoda. Mkweo Charles ameniambia kwamba masikio yako yalikufa tangu miaka ya baruti, na kwamba maandishi ya kwenye simu yanakusumbua macho. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, tena kwa herufi kubwa. Charles amekubali kukuletea barua zangu kila anaporudi kwenu na kuniletea majibu yako.

Mimi ni Sesilia Haule, yule wa chuo kikuu uliyemruhusu, kupitia ofisi ya kijiji, kufanya kazi ndani ya duara lako la zamani la kuchimbia dhahabu. Kwenye maombi niliandika kwamba nasoma popo, na najua maneno hayo hayamshibishi mtu. Niseme vizuri. Nachunguza wanavyoruka. Ndege ya abiria bawa lake limetulia na injini ndiyo inayosukuma. Popo bawa lake ndilo injini yake. Analishusha, analikunja, analipandisha, analifungua tena, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na kila mara anaisukuma hewa upande anaoutaka. Tatizo ni kwamba hewa haionekani. Kwa hiyo jioni, kabla hawajatoka kwenda kula, napuliza ukungu mwembamba kwa mashine kama zile za kumbi za harusi, nawasha taa nyekundu isiyowasumbua, na kamera inachukua picha nyingi mno kwa mpigo. Nikiuchezesha mkanda polepole, naona ukungu unavyojikunja nyuma ya bawa na kuwa pete.

Nimelichagua duara lako kwa sababu njia yake inaingia kilimani ikiwa imelala, si shimo la kushuka kwa kamba. Na niliambiwa hewa yake imetulia kabisa.

Jambo moja tu. Mwisho wa chumba cha pili kuna ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono. Charles amesema nisiusogelee. Nitatii. Ila nikimuuliza sababu, anacheka na kugeuza maneno.

Wako katika kazi,
Sesilia Haule


Shinyanga,
10 Juni 2024

Mwalimu Sesilia,

Marahaba. Barua nimeipata. Nimeisoma mimi, ameisoma Rhoda, ameisoma na jirani yetu ambaye ni mwalimu mstaafu. Wote tumekubaliana kwamba umeandika vizuri sana. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Nimekaa machimboni tangu sijaota ndevu. Nimeona watu wakija kwa kila jina. Mmoja alikuja kutundika mizinga ya nyuki, akaondoka na mawe yangu ndani ya mizinga. Mwingine alisema anapima udongo kwa ajili ya pamba. Mwingine alikuja na Biblia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema amekuja kutafuta dhahabu. Sasa umekuja wewe wa popo.

Mtu haondoki Dar es Salaam na kamera ya bei ya nyumba, akalala Kharumwa kwenye chumba cha kupanga, ili atazame popo akipunga mabawa. Labda yupo mtu wa hivyo. Mimi sijawahi kumwona.

Charles ananiambia kila jioni unatoka na mifuko, umeifunga midomo. Ndani mna nini?

Ukuta ule ni wangu. Usiuguse, usiuegemee, usiupige picha. Sababu ninayo na itabaki kwangu.

Kalisti Maduhu


Kharumwa,
15 Juni 2024

Baba Rhoda, shikamoo.

Mifuko ina mabawa ya wadudu. Popo akimkamata nondo au panzi, anarudi nalo windo darini, anakula mwili na kuangusha mabawa chini. Mimi nayaokota. Nimemwomba Charles aufungue mfuko wowote autakao mbele yangu. Alisema hana haja. Nashangaa kwamba kwako alikuwa na haja.

Nayaokota kwa sababu nataka kulinganisha. Bawa la nondo halina mfupa wala msuli ndani yake. Kinacholiendesha kipo kifuani. Bawa lenyewe linapigwa mbele na nyuma huku likigeuzwa, na ukingoni mwake hewa inajizungusha kama maji nyuma ya kafi. Mzunguko huo ndio unaombeba. Ndege ana manyoya; wengi wao wakiruka polepole huyaachanisha bawa linapopanda ili hewa ipite katikati. Popo hana manyoya. Yeye ana mkono. Tandaza kiganja chako, Baba Rhoda, vivute vidole viwe virefu kuliko mwili wako, kisha vika ngozi kati yake mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hilo ndilo bawa. Likishuka, vidole vyote vimetanuliwa. Likipanda, anakunja kiwiko na vidole, bawa linakuwa dogo, hewa haimkandamizi.

Naambatanisha picha moja. Doa jeupe nyuma yake ni ile pete ya ukungu.

Sasa nikuulize, na tafadhali usikasirike. Popo hawa wanapotoka wanapiga mabawa kwa nguvu kupita kiasi. Kwenye hewa tulivu hawapaswi kuhangaika hivyo. Wanaruka kama wanaopanda upepo. Mwanzoni nilidhani kamera ina kasoro. Kisha nikaangalia pete zenyewe. Hazibaki zilipoachwa. Zinarudi ndani, polepole, zikielekea kwenye ukuta wako, na kule zinapotelea kati ya mawe.

Je, duara hili lina mdomo wa pili?

Sesilia Haule


Shinyanga,
20 Juni 2024

Mwalimu,

Hapo sasa umejitaja mwenyewe.

Umeanza na popo, ukaenda kwa nondo, ukapita kwa ndege, na safari yote hiyo imeishia kwenye ukuta wangu. Ungeanza nao tu, ungeokoa wino.

Charles alikuwa hapa Jumamosi. Ameniandikia kwenye kibao changu kwamba mawe ya juu ya ukuta yameshushwa. Alikuta alama za viatu vyenye kisigino cha mpira, si vya mtu wa huku. Amesema hakutaka kuniambia mapema kwa sababu ya presha yangu.

Duara halina mdomo wa pili. Halijawahi kuwa nao. Swali lako si la mtu wa popo.

Ruhusa yangu imekwisha. Fungasha vyombo vyako. Charles atahakikisha umeondoka, na ukikataa nitakwenda kwa mtendaji.

Kalisti Maduhu


Kharumwa,
27 Juni 2024

Baba Rhoda, shikamoo.

Barua hii haiji kwa mkono wa Charles. Nimempa Mama Kunal, yule Shehnaz mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa sokoni. Shemeji yake huenda Shinyanga kuchukua mabati. Ukijibu, mpe huyo huyo.

Nafanya hivi kwa sababu tarehe ishirini na mbili nilikujibu kurasa nne nikikuomba unisikilize kabla sijaondoka, nikampa Charles. Jana nilimuuliza kama umesema lolote. Akasema, "Mzee ameisoma akaichana." Sijui kama ni kweli. Kama ni kweli, basi hii uichane pia, ila uisome kwanza.

Ni kweli mawe ya juu yameanguka. Lakini yameangukia upande wangu, yametawanyika hovyo, na vumbi lake liko juu ya waya zangu. Mtu anayetaka kubomoa ukuta kimya kimya akiwa upande huu angeyashusha moja moja. Haya yamesukumwa kutoka nyuma.

Nilimwonyesha Charles. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenihurumia: "Dada, acha mambo ya mzee. Ana mwamba wake wa dhahabu kule nyuma. Ana watu wanamchimbia kwa upande wa pili. Wewe amekuweka hapa ili kijiji kijue kilima ni cha popo."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Ulinikatalia ukuta bila sababu. Uliniambia hakuna mdomo wa pili, na macho yangu yanauona upepo. Ulinifukuza mara tu nilipouliza. Nikiyaweka pamoja, ninayemwona mwisho wake ni wewe.

Kama unachimba, sema tu. Duara ni lako. Lakini sitaki kuwa pazia la mtu. Na nikitoka hapa, nitapita kwa ofisa madini.

Sesilia Haule


Shinyanga,
2 Julai 2024

Mwalimu Sesilia,

Barua ya kurasa nne sikuiona. Sikuichana. Tangu nianze kusoma sijawahi kuchana barua ya mtu.

Nimekaa na hii uliyomtuma mfanyabiashara wa mabati tangu asubuhi. Nitakuambia kitu ambacho nilikusudia kisikufikie.

Nyuma ya ukuta yuko mdogo wangu, Adam.

Ulikuwa msimu wa mvua kubwa. Matimba, zile nguzo za mbao zinazobeba dari, yalilowa na kukatika, kilima kikamshukia. Tulichimba kumtafuta mpaka kikaanza kutuangukia na sisi. Padri alikuja akaomba mbele ya kifusi. Baadaye nilipanga mawe yale kwa mikono yangu, nikahama. Sikuwaambia wageni kwa sababu najua kwetu hapa. Ukisema kuna mtu kalala ndani ya duara, mmoja atawaza waganga, na mwingine atasema palipomuua ndipo penye mawe mazuri. Nilitaka aachwe.

Charles anajua. Alimwoa binti yangu akijua.

Sasa kuhusu hewa. Duara lile hewa yake ilikuwa imekufa. Tulikuwa tunatoka nje kupumua kisha tunarudi. Kama ukungu wako unavutwa, kuna mtu ametoboa kilima. Kwa hiyo ama wewe ni mwongo hodari, ama nyumba yangu imeingiliwa na mtu anayekula sahani moja na mimi. Sijui ni lipi ninaloomba liwe kweli.

Nilimuuliza Rhoda mumewe analala wapi siku asizokuwa hapa. Akaandika: "Kwenye duara, analinda." Nikamwonyesha barua yako. Akaisoma, akaikunja vizuri, akaenda jikoni na hakurudi mpaka chakula kilipoiva.

Jumatatu nitapanda basi nije mwenyewe. Charles asijue. Na usidhani nimekuamini.

Kalisti Maduhu


Kharumwa,
6 Julai 2024

Baba Rhoda, shikamoo, na pole sana.

Najua Rhoda amekwisha kukuandikia niliyomwambia kwa simu jana. Lakini nakuandikia upya ili uwe nayo yote, si vipande.

Jana, Ijumaa, nilikuwa chini ya kilima. Jua lilikuwa kali. Ghafla popo wakaanza kutoka. Mchana, Baba Rhoda. Sijawahi kuona. Walitoka kwa fujo, wakigongana. Na hawakuruka kama ninavyowajua: walipiga nusu bawa, kiwiko kimekunjwa, vidole havifunguki vyote, kama watu walioamshwa wamelewa. Wengi waliangukia kwenye mabua ya mahindi. Mwewe walikuwa wakiwanyakua hewani.

Nikasogea mdomoni. Jioni hewa huvutwa ndani, lakini mchana huwa kinyume. Nje kuna joto, hewa ya ndani ni baridi na nzito, inateremka na kutokea huku chini. Ilinipiga usoni ikiwa na harufu ya petroli iliyoungua. Nikajua kuna mashine inanguruma nyuma ya ukuta, na kwamba moshi ule kabla ya kuwafikia popo umepita kwa watu.

Nilizunguka kilima mbio. Upande wa pili, kwenye magugu, kuna turubai limetandikwa mabua ya pamba, na chini yake shimo. Kijana mmoja alikuwa amekaa na kamba mkononi. Anaitwa Chacha, ametoka Mara.

"Zima mashine!" nilimwambia.

"Wewe nani?"

"Zima! Nani yuko chini?"

"Mzee amesema asisogee mtu."

"Mzee yupi? Kalisti?"

"Kalisti simjui. Mzee Charles."

Nikamwambia awaite. Aliita. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, sauti ikampasuka. Mashine, pampu ya kuvutia maji, ilikuwa huko huko chini. Nilimsihi tusubiri watu. Akajifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi, akashuka. Niliishika kamba ile na watu wawili waliokuwa wakipita na baiskeli. Mngurumo ukakatika. Alipanda akitapika, hawezi kusimama. Kwa kuwa mchana hewa safi inaingia kwa kupitia shimo lile la juu, kilichokuwa chini kikaanza kusafishika. Watu wa mashambani walipofika tukashusha wengine wawili, wakawatoa Charles na mchimbaji aitwaye Boaz. Wote wanapumua. Wamepelekwa hospitali Geita. Boaz ameanza kuzungumza. Charles bado.

Barua yako ya tarehe mbili nimeikuta leo asubuhi dukani kwa Mama Kunal. Nimeisoma nikiwa nimesimama kaunta, mpaka Mama Kunal akaniletea kiti.

Ni lazima nikuambie hili pia. Chacha anasema karibu na pampu, chini ya nguzo iliyolala, kuna mifupa ya mtu. Nimewaomba watu wasiiguse. Mtendaji ameweka mgambo kwenye midomo yote miwili.

Sesilia


Shinyanga,
9 Julai 2024

Mwalimu Sesilia,

Rhoda yuko Geita kwa mumewe. Amenitumia neno kwamba jana alifungua macho, akamtambua, akageukia ukutani. Mimi nimebaki na wajukuu, kwa hiyo safari ya Jumatatu ilivunjika.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kuna mahali ninakwama, na siwezi kukushukuru kabla sijapita hapo. Popo wako hulala mchana. Nilikwisha kukufukuza. Barua yangu ya kusema nakuja ulikuwa hujaisoma. Ulikuwa unafanya nini chini ya kilima changu saa za jua kali?

Nijibu bila ukungu.

Kalisti Maduhu


Kharumwa,
12 Julai 2024

Baba Rhoda, shikamoo.

Nilikuja kukukamata wewe.

Nilikuwa na kamera ndogo mfukoni. Niliamini umekuja kimyakimya kutoka Shinyanga na unachimba, na kwamba uziwi wako ni hadithi ya Charles na wewe. Nilitaka picha yako ukitoka shimoni, niipeleke kwa ofisa madini. Nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi nikikusubiri.

Popo wangetoka siku nyingine yoyote, nisingekuwepo.

Hilo ndilo jibu. Unaweza kukasirika, lakini huo ndio ukweli wote.

Sesilia


Kharumwa,
20 Agosti 2024

Mwalimu Sesilia,

Tangu uliporudi Dar es Salaam watu wananiuliza habari zako kama vile wewe ni binti yangu. Sijawasahihisha.

Jibu lako la Julai lilinichekesha, na nilikuwa sijacheka tangu mambo haya yaanze. Mimi kizee wa presha, nishuke shimoni kwa kamba! Lakini ndilo lililonifanya nikuamini. Mtu mwongo angejitafutia sababu nzuri zaidi.

Nakushukuru ulibaki mpaka tukamzika Adam. Nilimtambua kwa jino la mbele lililovunjika. Nililivunja mimi tukiwa watoto, tukigombea manati. Amelala makaburini sasa, kwa mama yetu. Na jioni ile uliyotuchezeshea mkanda wako ukutani kwa Mama Kunal sitaisahau. Kila mtu alikuwa anatazama mkono ule mdogo unavyojikunja na kujifungua. Hakukuwa na sauti ya kusikilizwa, nami nikawa sawa na wenzangu wote.

Charles ametoka hospitali, na tangu mazishi sote tunakaa hapa Kharumwa. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Nilimpa kibao aandike. Aliandika kwamba alichoka kuitwa mlinzi wa shimo la mkwewe. Nikamuuliza: ulijua unapita kwa nani? Akaandika: "Nilijua." Ningependa angedanganya.

Rhoda hajamfukuza. Anampikia, anamwekea, anakwenda kulala kwa watoto. Mimi simwachii kitu kisichofungwa.

Sasa nina swali, na safari hii mimi ndiye wa popo. Ofisa madini anataka midomo yote ifungwe. Shimo la Charles limekwisha kujazwa kifusi. Limebaki langu. Popo wachache wamerudi, nimewaona. Nikijaza mawe, watafia ndani. Nikiacha wazi, atakuja Charles mwingine. Nifanyeje?

Kalisti Maduhu


Dar es Salaam,
28 Agosti 2024

Baba Rhoda, shikamoo.

Kwanza nikuonye: nikikushauri uache njia, mimi nanufaika, maana nataka kurudi. Kwa hiyo usilichukue neno langu peke yake. Lijaribu.

Weka nondo za chuma, lakini zilale, zisisimame. Popo akikaribia kizuizi anaweza kukunja viwiko kidogo na kupita kwa msukumo aliokwisha kuupata. Lakini hawezi kufunga mabawa kabisa kwa muda mrefu. Akiacha kusukuma hewa, anashuka. Anahitaji upana wa kulia na kushoto, si urefu wa juu na chini. Nondo zikisimama wima zitamgonga vidole, na kidole kikivunjika bawa limekwisha. Zikilala, nafasi kati yake ikiwa kama kiganja cha mtu mzima kilichotandazwa, yeye atapita na mtu hatapita.

Kabla hujachoma chuma, funga mabua ya mtama kwa mpangilio huo huo. Kaa jioni kadhaa utazame. Wakizunguka ndani na kukataa kutoka, toa mabua, uniandikie.

Hilo la Charles sina ushauri.

Sesilia


Kharumwa,
29 Septemba 2024

Sesilia,

Nimeona nikuandikie leo kabla sijasahau kitu.

Mabua tuliyafunga. Jioni ya kwanza hawakutaka kabisa. Walikuja mpaka karibu, wakageuka, wakaja tena, wakageuka. Nikawaelewa, hata mimi nikikuta kitu kipya mlangoni kwangu siingii. Jioni iliyofuata alipita mmoja. Kisha wakazoea.

Fundi wa kuchomelea niliyemtaka alikuwa Katoro na hakupatikana. Charles alijifunza kuchomelea huko Katoro kabla ya kumwoa Rhoda. Alikuja mwenyewe, akaniandikia kwenye kibao: "Niache nifanye." Nilimkubalia kwa masharti yangu. Nondo nimezipima mimi, matundu ya kuzishikiza mwambani nimeyapima mimi, na ufunguo wa lango dogo la pembeni ninao mimi. Alifanya kazi siku nzima, na sikuondoka hata kwenda kunywa maji. Alijua kwa nini sikuondoka. Hakuniangalia, na mimi sikujifanya natazama kitu kingine.

Alipomaliza jua lilikuwa limekaa kilimani. Chuma kilikuwa bado cha moto, tukakimwagia maji mpaka kikapoa. Kisha wakaanza kuja. Nilisimama pembeni kama ulivyonifundisha, nisizibe njia. Wa kwanza alifika kwenye nondo, akavuta viwiko, akawa mdogo kabisa, akapita, akafunguka nje akiwa mzima. Sikusikia bawa lake, lakini upepo wake niliupata shavuni. Ulipita kitambo kidogo baada yake. Nadhani ndiyo ile pete.

Nilipogeuka Charles alikuwa amekwisha kukusanya vifaa vyake. Akaniuliza kwa mkono kama anaweza kwenda nyumbani.

Nikamwambia hapana, akae mpaka wa mwisho atoke.

Akaweka vifaa chini, akaja akakaa.

Kalisti Maduhu